Je, Mtoto Aweza Kumkanya Mzee?

Katika nyumba niliyolelewa, upande wa Bweni ng'ambo ya mto Pangani, mtoto hakuruhusiwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Alitoa shikamoo, akapokea marahaba, akaleta maji ya kunawa, kisha akaondoka au akakaa pembeni kimya. Aliyethubutu kumsahihisha mzee, hata kama mzee amekosea jina la siku tu, aliambiwa hana adabu, na neno hilo kwetu lilikuwa zito kuliko kofi. Nami nilipokuwa mwalimu, kwa miaka thelathini na mitatu niliwafundisha watoto wa wenzangu adabu ile ile. Sioni haya kusema kwamba naipenda hata leo. Nyumba ambayo kila mtu hungoja zamu yake ya kusema ina raha yake.

Nimeanza na jambo hili ili msomaji ajue ninakotoka kabla hajaona ninakokwenda. Swali linalonisumbua ni hili: je, uko wakati ambapo mtoto ana haki ya kumkanya mzee? Na kama uko, mzee aliyekanywa anadaiwa nini? Sikulipata swali hili vitabuni. Lilinijia barazani kwangu, siku ya Idi, mbele ya sinia la kaimati, nami sikuweza kulijibu.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, anasoma chuo kikuu Dar es Salaam. Alikuja kula Idi nasi akiwa na fulana yenye maandishi ya kupinga bomba la mafuta. Kwenye baraza hiyo hiyo alikuwapo kijana wa marehemu mdogo wangu, ambaye mjukuu wangu humwita Mjomba. Kijana huyu alikaa miaka minne bila kazi ya maana, mpaka alipopata udereva wa lori katika ujenzi wa bomba lile lile. Sisi wengine tulikuwa tunanong'ona kuhusu ile fulana tangu asubuhi. Hatimaye Mjomba mtu hakuvumilia.

Kwa msomaji asiye wa Tanga, sina budi kueleza kidogo. Bomba hili limekusudiwa kuleta mafuta ghafi kutoka Hoima, magharibi mwa Uganda, hadi rasi ya Chongoleani karibu na mji wa Tanga, umbali wa kilometa 1,443, na kilometa 1,147 kati ya hizo zinapita katika ardhi ya Tanzania. Mafuta ya Uganda ni mazito, yana nta, huganda yakipoa. Kwa hiyo bomba lote lazima lipashwe moto njia nzima. Marais wa nchi mbili waliweka jiwe la msingi Chongoleani mwezi Agosti 2017. Sehemu kubwa ya hisa, asilimia 62, ni ya kampuni ya Ufaransa, TotalEnergies; Uganda na Tanzania kila moja ina asilimia 15, na asilimia 8 ni ya Wachina. Mwezi Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuupinga mradi, na mwezi uliofuata wanafunzi tisa walikamatwa Kampala walipokuwa wakiandamana kuunga mkono azimio hilo. Fulana ya mjukuu wangu ilitoka katika ukoo huo.

"Mama," alisema Mjomba, kwa upole ulioficha hasira, "wenzetu wamechoma makaa na mafuta miaka mia mbili, wakajenga reli, wakajenga hospitali, hakuna aliyewaambia neno. Leo zamu yetu imefika ndiyo bahari imekuwa na uchungu?"

"Bahari haiulizi mafuta ni ya nani, Mjomba," alijibu mtoto. "Yakichomwa, joto lake linarudi hapa hapa. Minazi ya shamba la Babu kule mtoni imekufa kwa chumvi. Hilo nalo limeletwa na Wazungu wangapi?"

"Mwanangu wa tatu ameanza shule kwa lori lile."

"Najua. Na mimi nitamlea nani, na wapi?"

Hapo wote wawili wakanigeukia. "Babu, amua," alisema mmoja. "Baba Mkubwa, tuamulie," alisema mwingine. Nilikohoa. Nikasema kaimati zinapoa. Bibi yao, aliyekuwa akimimina kahawa, akasema bila kunitazama kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mchele.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijaribu kufikiri kwa nini wazee wetu waliweka desturi ile ya kumnyamazisha mtoto. Haikuwa kiburi tu, ingawa kiburi kilikuwapo. Mzee alipewa neno la mwisho kwa sababu alikuwa ameona mengi, na aliyoyaona yalikuwa yatarudi tena. Babu yangu alihesabu miongo, yaani siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, akajua lini kaskazi itaanza kuvuma, lini kusi itawafungia wavuvi bahari, lini mbegu ya mpunga itoke ghalani. Hakuwa na kalenda ukutani wala redio. Watu walitoka vijiji vitatu kuja kumuuliza. Mtu wa namna hiyo, mtoto wa miaka kumi na miwili angemwambia nini?

Lakini desturi ile ilisimama juu ya sharti moja ambalo hakuna aliyelitaja, kwa kuwa hakuna aliyelitilia shaka: kwamba kesho itafanana na jana. Sharti hilo likiondoka, mzee anabaki na kumbukumbu ya nchi ambayo haipo tena. Mimi mwenyewe nilichora ubaoni kila mwaka mzunguko wa masika na vuli, Machi mpaka Mei, Oktoba mpaka Desemba, nao watoto wakanakili. Mkulima akiniuliza leo apande lini, naogopa kumjibu. Zilikuja zile mvua za Elinino za 1997 na 1998, tukasema ni ajabu ya mara moja. Mwezi Desemba 2023 tope la mlima Hanang' liliufunika mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya themanini. Mwezi Mei 2024 kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilifika mpaka Mafia. Wazee wa kusini walikumbuka kimbunga cha Lindi cha mwaka 1952, lakini mimi wakati huo nilikuwa bado nanyonya, na katika maisha yangu yote nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba vimbunga ni mambo ya Madagaska na Msumbiji.

Basi ikiwa elimu ya mzee ndiyo iliyompa haki ya kusema wa mwisho, na elimu hiyo imepungua nguvu, haki ile nayo imepungua. Mzee si mjinga ghafla. Mbingu ndizo zilizobadilika. Najua neno hili litawachukiza wazee wenzangu. Lilinichukiza mimi kwanza.

Vijana wenyewe walianza kusema zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1992, mjini Rio de Janeiro, Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano mkubwa kuhusu mazingira na maendeleo. Msichana wa Kanada wa miaka 12, Severn Cullis-Suzuki, ambaye yeye na wenzake walikusanya wenyewe fedha za safari, alipanda jukwaani akawaambia wajumbe wa dunia nzima kwamba wanavunja kile wasichojua kukitengeneza. Wajumbe walimpigia makofi. Mwaka ule dunia ilitoa hewa ukaa tani bilioni 22 na ushei kutokana na makaa, mafuta na gesi. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani bilioni 37. Msichana yule sasa ni mama mwenye watoto wake, na makofi yale sijui yalikwenda wapi.

Miaka ishirini na sita baadaye, mwezi Agosti 2018, msichana mwingine, Greta Thunberg wa miaka 15, alikaa peke yake nje ya Bunge la Uswidi, mjini Stockholm, na kibao cha kusema kwamba amegoma shule kwa ajili ya tabianchi. (Neno hilo, tabianchi, sisi hatukuwa nalo shuleni, tulisema hali ya hewa tu, tukaona latosha.) Baada ya mwaka mmoja mamilioni ya wanafunzi walikuwa barabarani. Naye alialikwa kwenye kumbi za wakubwa, naye alipigiwa makofi, hata pale alipowagombeza. Nimewahi kujiuliza: mtu anayegombezwa akapiga makofi, amesikia nini? Nyumbani kwetu mtoto akimkanya mzee alipigwa. Huko ukumbini alipongezwa. Ninavyoona, mambo hayo mawili yana undugu, maana baada ya yote mawili mzee hurudi kufanya alichokuwa akifanya. Hata afadhali kofi, kwa sababu anayepiga walau amekiri kwamba neno limemchoma.

Na makofi hayo hayawafikii wote. Mwezi Januari 2019 Vanessa Nakate, aliyesomea biashara Makerere, alianza kusimama barabarani Kampala na mabango yake, pamoja na ndugu zake wachache, watu wakipita na kumshangaa. Mwaka uliofuata alialikwa Davos, Uswisi, akapigwa picha pamoja na wasichana wanne wa Ulaya. Picha ilipotoka katika shirika moja kubwa la habari, yeye hakuwamo. Alikuwa pembeni, wakamkata. Baadaye wakaomba radhi. Kwa hiyo msichana wa Afrika ana kazi mara mbili: kumkanya mzee wa nyumbani, na kumkumbusha mzee wa mbali kwamba yupo.

Uko mfano mmoja, hata hivyo, ambao nimeusoma mara nyingi kwa sababu ndani yake yumo mwalimu, na mimi hupendelea hadithi zenye walimu. Vanuatu ni nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ina watu kama laki tatu, kidogo tu kuliko mji mmoja wa kwetu. Mwaka 2015 kimbunga Pam kiliipiga vibaya. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria katika tawi la Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini lililoko Port Vila walipewa zoezi na mhadhiri wao: watafute njia ya kisheria ambayo visiwa vyao vingeweza kuitumia juu ya tabianchi. Wakachagua ile ya kuiomba Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, itoe maoni yake juu ya wajibu wa mataifa. Zoezi la darasani! Wengi wetu tungesahihisha, tukatia alama, tukalirudisha. Wao waliandika barua kwa serikali za visiwa. Serikali ya Vanuatu ilikubali kulibeba jambo hilo kama lake, ikazunguka dunia ikitafuta wa kuiunga mkono. Tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha ombi lile bila taifa lolote kupinga kwa kura. Na tarehe 23 Julai 2025 majaji wote wa Mahakama ile, kwa kauli moja, wakasema kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kuilinda tabianchi, na kwamba taifa likiuvunja wajibu huo linaweza kudaiwa fidia.

Sisemi kwamba maneno ya mahakama yamepoza bahari. Maoni yale hayamfungi mtu kama hukumu ifungavyo, na wakubwa wa dunia wana mawakili wengi. Ninachotaka msomaji akitazame ni mpangilio wa mikono. Vijana walianza. Mwalimu hakuwanyamazisha. Serikali haikuwaita tumaini la taifa ikawapa vyeti; iliutwaa mzigo kichwani ikaenda nao. Kisha vijana waliendelea kutembea kando yake. Jambo lilichukua miaka sita, na katika miaka hiyo mtoto wa darasani alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye ndevu.

Sisi hapa tuna msemo tunaoupenda, kwamba vijana ni taifa la kesho. Nimeusema mimi mwenyewe kwenye mahafali zisizo na idadi, nikiwa nimevaa tai ya kuazima. Sasa naona tulichokuwa tukikifanya. Kumwambia mtu kwamba yeye ni wa kesho ni namna nzuri ya kumwambia kwamba leo hana kiti. Na kwa jambo hili, kesho yenyewe ndiyo inayotumiwa leo.

Narudi barazani. Nilipolala macho wazi usiku ule nilikumbuka namna tunavyogawa mirathi. Mtu akifa, warithi hawaanzi kwa kugawana mashamba. Kwanza huulizwa: marehemu alikuwa na deni? Hulipwa deni, ndipo kinachobaki kikagawiwa. Na kila mtu wa kwetu anajua kwamba mtoto anayeanza kuhesabu mirathi hali baba yake yu hai hana haya. Lakini baba mwenye busara hangoji kuulizwa. Huandika wasia wake mapema, na ndani yake hutaja anaowadai na wanaomdai, ili wanawe wasije wakagombana juu ya kaburi lake. Mjukuu wangu hakuja kuhesabu mashamba yangu. Alikuwa anauliza deni ni kiasi gani. Mwaka 2080 yeye atakuwa bibi wa makamo yangu, na mimi nitakuwa nimesahauliwa hata na wanaosafisha makaburi. Mwenye kulipa ana haki ya kuliona daftari. Sijaona hoja inayoweza kuiondoa haki hiyo, na nimeitafuta, kwa sababu ingenipa usingizi.

Lakini kijana wa mdogo wangu naye ana daftari lake, na ndani yake hakuna uongo. Afrika nzima, na watu wake wote hawa, inatoa takriban asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia kwa mwaka. Deni kubwa walikopa wengine, wakajenga, wakala, wakashiba, na sasa baadhi yao wanatuhubiria kufunga. Kumwambia dereva wa lori kwamba yeye ndiye ashuke kwanza garini, hali wale walioanza safari wamelala viti vya mbele, si haki. Ningependa hata kuona Bunge la Ulaya likipitisha azimio la kumtafutia kazi nyingine.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba watoto wangu wawili waligombana wao kwa wao. Mmoja anaomba mkate wa leo, mwingine anaomba nchi ya kula mkate huo baadaye, na hakuna kati yao aliyeomba zaidi ya haki yake. Walioamua bomba lipite hawakuwa barazani. Walioamua miaka hamsini iliyopita kwamba nchi yetu ibaki bila viwanda vya kumwajiri yule kijana hawakuwa barazani. Aliyekuwapo ni mimi, nami nikasema kaimati zinapoa.

Asubuhi nilimwita kila mmoja peke yake. Kijana nilimwambia asiache kazi, lakini asimwambie tena mtoto yule kwamba anatumiwa na Wazungu, maana alikuwa amelisema hilo pia, na nilikuwa nimeliacha lipite. Mjukuu nilimwambia avae fulana yake, lakini siku nyingine aanze kwa kumwuliza Mjomba wake habari za watoto. Aliinamisha kichwa. Kisha akaniuliza kama nina nafasi ya kumpeleka Maziwe.

Maziwe ni kisiwa kilicho baharini mbele ya Pangani, mwendo wa kama saa moja kwa mashua ya mashine. Nasema kisiwa kwa mazoea. Leo ni fungu la mchanga mweupe. Maji makubwa yakijaa hulifunika lote, yakitoka linaonekana tena, na watalii hushushwa hapo kuogelea juu ya matumbawe. Nilipokuwa mvulana kilikuwa na msitu wa mivinje. Baba yangu alikuwa akitia nanga hapo mchana, tukalala kivulini, na usiku kasa walipanda ufukoni kutaga mayai. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti wa mwisho ulikuwa umeanguka. Sitaki kumdanganya mtu kwamba ni joto la dunia peke yake lililofanya hivyo. Mikondo ilihama, na mikono ya watu nayo haikuwa misafi. Lakini nilisimama pale na mjukuu wangu, maji yakiwa magotini, nikamwonyesha: hapa palikuwa na mti, hapa tulipika wali. Alitazama maji matupu akajaribu kuuona ule mti. Nilihisi kwamba hii ndiyo kazi iliyonibakia. Siwezi tena kumwambia mvua itanyesha lini. Naweza kumshuhudia kilichokuwapo, maana hilo yeye hawezi kulijua bila mimi.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kushuhudia, nilimweleza na jambo la pili, ambalo sijapata kumweleza mtu.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ya pwani. Niliwapa watoto insha, "Kijiji Chetu". Wengi waliandika kisima, msikiti, minazi. Mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, aliandika kwamba kila asubuhi husikia mshindo baharini, maji yakasimama kama mti, kisha samaki wakaelea matumbo juu, wakubwa wakachukuliwa na wadogo wakaachwa kuoza. Uvuvi wa baruti ulikuwa umekatazwa kwa sheria tangu mwaka 1970, nasi sote tulikuwa tunausikia tukinywa chai. Aliandika kwamba matumbawe yanabomoka na kwamba siku moja bahari itakuwa jangwa. Hakutaja majina, ila mwishoni alitaja ni nani hununua samaki hao: wenye hoteli, wachuuzi, "na walimu pia".

Ilikuwa kweli. Samaki wa baruti hujulikana. Nyama yake hulegea na mwiba wa mgongo huwa umevunjika. Nilikuwa nimenunua changu wawili wa namna hiyo juma lile lile, kwa bei nafuu. Nilichukua wino mwekundu nikaipiga mstari aya nzima, nikaandika pembeni: "Andika mambo mazuri ya kijiji." Nikampa alama 14 kwa 20, kwa mwandiko. Nilijiambia namlinda mtoto, maana mwenye mashua alikuwa mtu mkubwa. Kwa kiasi fulani nilikuwa namlinda. Kwa kiasi kikubwa zaidi nilikuwa nalinda kitoweo changu. Mwaka 1998 bahari yetu ilipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, tangu huku mpaka Shelisheli. Yale yaliyokuwa mazima yalianza kupona baada ya miaka. Kwenye kifusi cha baruti hakukuwa na cha kupona.

Mjukuu wangu alinyamaza mpaka mashua ikageuka kurudi. Kisha akasema, "Babu, ulimwomba radhi?"

Ilinichukua majuma matatu. Nilikuwa najua anapopatikana. Ni mvuvi, mtu wa miaka arobaini na mitano hivi, ndevu zimeanza mvi. Nilimkuta asubuhi kwenye mchanga akishona juya lake. "Shikamoo, Mwalimu," alisema akainuka. Nilimwomba akae. Nilimweleza nilichokuja kueleza, kwa maneno machache kuliko niliyoyatumia hapa, na nikamwomba anisamehe. Alicheka sana. "Kumi na nne kwa ishirini," alisema. "Nilitegemea kumi na nane, Mwalimu. Nililia nyumbani."

Tulikaa. Aliendelea kushona. Baadaye akaniambia kwamba ana binti, yuko kidato cha pili, na kwamba binti huyo amekataa kula samaki wa nyumbani tangu mfungo uliopita. Anasema juya la baba yake lina macho madogo mno, linazoa vitoto vya samaki, na kwamba bahari imekwisha kuchoka kwa joto, si haki kuiongezea. Anataka lichomwe moto. Juya lile lilikuwa mikononi mwake alipokuwa akinieleza, na ni kweli kwamba kidole changu hakikupita katika matundu yake.

"Hana adabu yule mtoto," alisema. Kisha aliniangalia, akaacha kucheka, akauliza, "Nimwambie nini, Mwalimu?"

Nilimwambia anipe muda. Nimeandika kurasa hizi katika muda huo. Kitabu kikitoka kwa mpiga chapa nitampelekea nakala yake ufukoni, na nyingine ya binti, kwa sababu huenda yeye akapenda kuisahihisha.